Silva naitreti, silva ya protini au nanosilva? Kwa anayetaka kupima damu ya wanyama wenye virusi

Mdogo wangu mmoja anayesoma masta alinifuata jioni na daftari lake, shikamoo kaka, marahaba, akakaa, akasema anataka kuangalia silva inafanya nini kwenye damu ya panya walioambukizwa virusi vya mafua, pesa kidogo ya riejenti ameshapata, sasa anunue silva gani. Nikamuuliza unazijua ngapi, akasema kaka silva si ni silva tu. Hapana, sio. Na sio yeye peke yake, hapa Dodoma kila msimu wa propozo nakutana na mtu amekwama hapo hapo, kwahiyo nimeona niandike yote mara moja, anayekuja kesho nimpe asome kwanza alafu ndo tuongee.

Nasema silva makusudi maana fedha kwetu ni pesa pia na ukiandika fedha kwenye damu watu wanachanganyikiwa. Ninazolinganisha ni tatu ambazo mtu wa kwetu anaweza kuzipata au kuzitengeneza: silva naitreti (ile chumvi tuliyoitumia praktiko ya kemia sekondari), silva ya protini (akina Protargol na Collargol, dawa za zamani za Ujerumani ambazo bado zipo), na nanosilva, yani vichembe vya silva vidogo mno, nanomita 10, 20 mpaka 100 hivi, vinavyoelea kwenye maji.

Tunalinganisha kwa lipi

Kigezo cha kwanza ni silva yenyewe ipo kiasi gani ndani ya ule unga unaopima kwenye mizani, na hapa ndo wengi wanaanguka. Gramu 1 ya silva naitreti ina silva gramu 0.635. Protargol ina kama asilimia 8 tu. Collargol inafika kama asilimia 70. Sasa mtu akiandika kwamba panya walipewa miligramu 5 kwa kilo za kila dawa, ujue kundi la naitreti limepata silva karibu mara 8 ya kundi la Protargol, alafu anakuja kuandika kwenye hitimisho kwamba Protargol ni salama zaidi kwa damu. Salama wapi, ulimpa kidogo. Piga hesabu kwa silva yenyewe, kila kundi lipate miligramu zile zile za silva kwa kilo ya mnyama, uzito wa unga usikuzuge.

Cha pili ni nini kingine kimekuja pamoja na silva, maana hakuna silva inayokuja peke yake. Cha tatu ni damu yenyewe: seli nyekundu na himoglobini na PCV (sehemu ya damu ambayo ni seli nyekundu), seli nyeupe na mgawanyo wake (limfosaiti, nyutrofili na wenzao), chembe sahani (zile zinazogandisha damu), na vipimo vya ini kwenye seramu. Cha nne inafanya nini mbele ya virusi. Cha tano usumbufu wa huku kwetu, maji, umeme, mwanga. Na mwisho inamfaa nani.

Kabla ya silva, ielewe damu ya mgonjwa wako

Ukimwambukiza panya mdogo mafua (panya mdogo nasema mouse, panya mkubwa ni rat), siku chache za mwanzo limfosaiti zinashuka, nyutrofili zinapanda, uzito unapungua, manyoya yanasimama, na hapo hujaweka hata tone la silva. Panya mdogo ni mnyama wa limfosaiti, akiwa mzima zinafika asilimia 70 hadi 80 ya seli nyeupe zake, sisi binadamu nyutrofili ndo nyingi, kwahiyo limfosaiti zikishuka kwake jumla nzima ya seli nyeupe inaporomoka na asiyejua anaandika silva imeua seli nyeupe. Na hofu nayo inafanya kitu hicho hicho! Panya anayeshikwa shikwa vibaya, au chumba cha wanyama kilichopigwa na jua la Oktoba la hapa mjini siku ambayo umeme umekatika na feni imesimama, homoni za msongo zinapanda na limfosaiti zinashuka. Kwenye tone moja la damu wanaongea watatu kwa pamoja, virusi, silva, na namna ulivyomtunza mnyama, na kazi yako yote ni kumsikia kila mmoja peke yake.

Mfano mnaujua wengi, ile krimu nyeupe ya silva salfadiazini wanayopakwa walioungua moto, imetumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Baadhi ya wagonjwa seli nyeupe zinashuka siku mbili tatu za mwanzo alafu zinarudi zenyewe, na watu wamebishana miaka na miaka kama ni silva, ni salfa, au ni kuungua kwenyewe. Binadamu wengi vile, hospitali nyingi vile, na bado haijawa rahisi kutenganisha. Wewe una panya 40.

Ndo maana makundi manne hayakwepeki: mzima bila silva, mzima mwenye silva, mgonjwa bila silva, mgonjwa mwenye silva. Wengi wanaruka la pili ili kupunguza gharama na ndo hilo hilo linalokwambia silva peke yake inafanya nini. Bila hilo, limfosaiti za mgonjwa mwenye silva zikiwa juu huwezi kujua kama virusi vimepungua au silva imewasha kinga tu kivyake.

Alafu kuna damu unayoichukua wewe mwenyewe. Panya wa gramu 25 ana damu kama mililita 1.8 mwili mzima, ukichukua 0.2 mara nne ndani ya wiki umeshatoa 0.8, karibu nusu, himoglobini ikishuka unailaumu silva wakati aliyemwaga damu ni wewe. Wengi wanafuata kiwango cha kutozidi asilimia 10 ya damu yote kwa mkupuo mmoja na mnyama apumzike kama wiki mbili, kwahiyo kama unataka siku ya 3, ya 5 na ya 7 weka panya tofauti kwa kila siku na gharama hiyo iingie kwenye bajeti mapema. Kamati ya maadili watakuuliza hilo na wana haki, tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na kuna kanuni za Russell na Burch za 1959, usitumie mnyama pale unapoweza kutomtumia, punguza idadi, punguza mateso. Mi nikiona propozo ya panya wanaotobolewa mkia kila siku naumia, kwanza kwa ajili ya mnyama, alafu kwa ajili ya data ambayo haitamsaidia mtu.

Umri wa seli nyekundu nao uukumbuke: panya mdogo siku 40 hivi, panya mkubwa 60, kuku kama 30, binadamu 120. PCV ikiporomoka siku ya 3 hiyo haiwezi kuwa uboho umeacha kuzalisha, muda hautoshi, hapo seli zinapasuka au damu inavuja mahali. Ikishuka taratibu hadi wiki ya 4 ndo uanze kuwaza uboho, na uwaze shaba. Ndio, shaba. Silva inakaa kwenye nafasi ya shaba ndani ya protini inayoitwa seruloplazmini, ile inayousaidia mwili kutumia madini ya chuma, na panya wakilishwa silva seruloplazmini yao ipo lakini haifanyi kazi. Miaka ya 1970 kuna bata mzinga waliwekewa silva nyingi kwenye chakula, 900 ppm (sehemu kwa milioni), wakadumaa, himoglobini na PCV zikashuka, moyo ukavimba, na walioongezewa shaba wakapona na hayo. Kwahiyo kama jaribio lako ni la muda mrefu angalia chakula chako kina shaba kiasi gani kabla hujaanza kulaumu chochote.

Haya, tuzichukue moja moja.

Silva naitreti

Hii ni chumvi inayoyeyuka yote, na ikiyeyuka silva yote inakuwa ioni saa hiyo hiyo. Ndo faida yake kubwa, hakuna maswali ya chembe ukubwa gani wala imefunikwa na nini, unajua umeweka ioni kiasi gani. Na ndo ya bei ya chini kuzidi wenzake.

Kilichokuja nayo ni naitreti, na watu wanaisahau kabisa. Naitreti ikigeuzwa na bakteria kuwa naitraiti inaharibu himoglobini, inakuwa methimoglobini isiyobeba oksijeni, damu inaonekana ya rangi ya chokoleti. Hili lilionekana kwa wagonjwa wa moto miaka ya 1960 waliofungwa bandeji zilizolowekwa silva naitreti ya asilimia 0.5, na wakati mwingine sodiamu na kloraidi zao pia zilishuka kwa sababu silva inaikamata kloraidi pale kwenye kidonda. Kwahiyo ukitumia naitreti weka na kundi la sodiamu naitreti yenye kiwango sawa, au kwepa kabisa utumie silva asiteti, chumvi nyingine ya silva isiyo na naitreti.

Kwenye damu, ioni ya silva inapenda salfa (elementi iliyomo kwenye protini, sio ile dawa ya krimu), inashika protini za ukuta wa seli nyekundu, potasiamu inatoka, seli inavimba inapasuka. Kwenye tyubu utaona hilo vizuri sana. Ndani ya mnyama ni habari nyingine maana kabla haijafika kwenye seli imekutana na kloraidi na albumini, na ukimpa kwa mdomo tumbo lenyewe lina asidi yenye kloraidi, sehemu kubwa inaishia kuwa silva kloraidi na kutoka na choo. Kuidunga kwenye mshipa usithubutu, inaunguza na inagandisha protini.

Kazi moja ya Denmark ya 2012 inasaidia sana hapa. Panya wakubwa walipewa kwa mdomo siku 28, wengine silva asiteti na wengine nanosilva ya nanomita 14, dozi ya silva sawa sawa miligramu 9 kwa kilo kwa siku. Wa asiteti hawakuongezeka uzito vizuri, fosfatesi alkali (kipimo cha ini) ikapanda, yurea ikashuka, na thaimasi ikawa nyepesi, na thaimasi ndo nyumba ya limfosaiti. Wa nanosilva hawakuonyesha hayo. Maana yake dozi sawa ya silva, umbo tofauti, damu tofauti, na yule aliyepewa ioni ndo aliyeumia zaidi.

Mbele ya virusi, ioni inaweza kuvidhoofisha kwenye tyubu ila ndani ya mwili inaishia njiani kama nilivyosema.

Usumbufu wake sasa, na hapa nataka usome polepole. Chukua glasi mbili, moja weka maji ya distili, nyingine weka maji ya bomba au ya kisima, hapa Dodoma maji yetu mengi yanatoka ardhini, Makutupora na visima vya mitaani, na vingine ukionja tu ulimi unakwambia chumvi. Dondosha matone mawili ya silva naitreti kila glasi. Ya distili inabaki kama ilivyo. Ya kisima inaanza kuwa na ukungu mweupe kama uji mwepesi, unashuka chini taratibu, na ukiuacha dirishani baada ya muda unakuwa wa zambarau kijivu. Ule ukungu ndo dozi yako. Niliwahi kuitwa kwenye maabara moja waliokuwa wanaweka silva naitreti kwenye chupa za maji ya kunywa ya panya, wiki tatu nzima, hawaoni tofauti yoyote kati ya makundi, nikainua chupa moja nikaielekeza kwenye mwanga, chini kuna tope jeupe limeganda. Panya walikuwa wanakunywa maji ya kawaida, silva yote imebaki kwenye chupa. Iliniuma maana wanyama wale walikufa bure na mwanafunzi akaanza upya. Tumia maji ya distili, chupa za kahawia, na mpe mnyama mdomoni kwa sindano ya kulishia ili ujue kimeingia kiasi gani.

Inamfaa nani: mwenye swali la ioni, anayetaka kundi la kulinganishia nanosilva, mwenye bajeti ndogo na jaribio fupi. Haimfai anayetarajia kuponya mnyama.

Silva ya protini

Protargol ilitoka 1897 na Collargol miaka hiyo hiyo ya 1890, kabla ya antibayotiki watu waliziweka machoni, puani, kwenye njia ya mkojo, na Collargol mpaka kwenye mshipa. Majina yake yanachanganya na lazima niseme, ile inayoitwa silva protini kali ina silva kidogo, asilimia 7.5 hadi 8.5, ile inayoitwa laini ina asilimia 19 hadi 23. Ukali hapo ni ioni zinazoachiwa, wingi wa silva ni jambo jingine. Usipojua hili unaagiza kitu kingine kabisa.

Kilichokuja nayo ni protini ngeni, na hii kwa mtu wa damu ni jambo zito. Protini ngeni ikidungwa inaweza kupandisha seli nyeupe yenyewe, homa ikaja, kinga ikaamka, bila silva kufanya lolote. Kundi la protini tupu ni lazima, na protini iwe ile ile, sio albumini uliyoikuta kwenye friji.

Kwenye seli nyekundu ni laini kuliko naitreti maana ioni zinatoka taratibu. Chembe sahani na ini sina la kukueleza zaidi ya kwamba pima. Mbele ya virusi historia yake ni ya bakteria na macho na pua, kazi za virusi kwenye wanyama wazima ni chache, kwahiyo utakuwa unatembea sehemu ambayo wachache wamepita, kwa mwingine hiyo ni faida.

Usumbufu: inaandaliwa bichi. Unanyunyiza unga juu ya maji baridi, hutikisi, unauacha uzame wenyewe, ukitikisa inatoa povu na mabonge. Haivumilii joto wala mwanga na ikikaa inabadilika, na sisi umeme ukikatika friji inapata joto, kwahiyo tengeneza ya siku hiyo umwage iliyobaki. Kupanga dozi kwa silva ni kazi maana kila mzigo unatofautiana kidogo, inabidi upime silva kwa mashine kwenye maabara yenye uwezo huo.

Inamfaa anayefanya utafiti wa dawa za puani au machoni zilizopo sokoni, au anayelinganisha dawa ya zamani na mpya. Kwa anayeanza mi simshauri.

Nanosilva

Hapa ndo kila mtu anataka kwenda, na sababu ipo. Mwaka 2005 ilionekana chembe za nanomita 1 hadi 10 zinajishika kwenye ngozi ya nje ya virusi vya UKIMWI kwenye maabara, baadae zikaja kazi za panya wadogo wenye mafua waliopewa nanosilva puani, waliotibiwa wakapona zaidi na virusi mapafuni vikapungua, na 2019 kazi ya virusi vya RSV (vya njia ya hewa) kwenye panya, virusi vilipungua, kemikali za uvimbe zikapungua, lakini nyutrofili ziliongezeka kwenye njia ya hewa. Hilo la mwisho lisome mara mbili. Nyutrofili kupanda hapo haikuwa dalili ya ugonjwa kuzidi. Ungehesabu nyutrofili tu bila kupima virusi mapafuni ungeweza kuandika kinyume kabisa.

Na kuna mtego mmoja kwenye kazi za aina hii. Ukichanganya virusi na nanosilva kwenye tyubu alafu ndo umwambukize mnyama, umempa virusi vichache, basi. Damu yake itakuwa nzuri lakini hujamtibu, umemwambukiza kidogo. Kama swali lako ni tiba, ambukiza kwanza, subiri masaa uliyopanga, alafu toa silva.

Kilichokuja nayo kinategemea umetengenezaje. Ya sitreti ina sitreti, ya PVP ina PVP (polima inayozuia chembe zisishikane), na vijana wengi saivi wanatengeneza kwa majani, mwarobaini, mlonge, miti inayoota nje ya bweni, bei rahisi na inapendeza kwenye propozo. Sawa, lakini majani yenyewe yana dawa ndani, kwahiyo weka kundi la maji ya majani yaliyochemshwa vile vile bila silva. Alafu weka kundi la ioni peke yake, maana nanosilva inaachia ioni siku zote, chuja chembe, pima ioni zilizobaki kwenye maji, mpe kundi jingine ioni kiasi hicho. Na kingine ambacho hakionekani kwa macho ni endotoksini ya bakteria waliokuwa kwenye vyombo vyako, ikiingia kwenye mshipa inarusha seli nyeupe na unaipa silva sifa isiyo yake.

Kwenye seli nyekundu, chembe ndogo zinapasua zaidi kuliko kubwa kwa uzito ule ule wa silva kwa sababu zina uso mwingi zaidi na zinaachia ioni zaidi. Chembe sahani ndo zimegawa watu kabisa, kuna kazi ya 2009 inayosema nanosilva inazizuia kuganda na kuna ya 2011 ya panya wakubwa inayosema inaongeza kuganda, kwahiyo kama chembe sahani ni sehemu ya swali lako andika ukubwa, kifuniko (kile kilichozizunguka chembe, kama sitreti au PVP) na dozi kwa undani maana ndo vinavyoamua. Ini: kazi za Korea za 2008 na 2010 kwa panya wakubwa kwa mdomo, kwenye ile ya siku 28 fosfatesi alkali na kolesteroli zilibadilika kuanzia miligramu 300 kwa kilo, kwenye ile ya siku 90 walipendekeza miligramu 30 kama kiwango kisichoonyesha madhara na 125 kama kiwango cha chini kilichoonyesha. Na figo za majike zilikusanya silva kama mara mbili ya madume, kwahiyo usichanganye jinsia kwenye kundi moja ukasahau.

Vifaa vyako navyo vinadanganywa. Ioni ya silva inazima kimeng'enya cha LDH chenyewe (kile kinachopimwa kujua seli zimeumia kiasi gani), kwahiyo seramu yenye silva inaweza kukuonyesha LDH ya chini ukafurahia kumbe kipimo ndo kimezimwa. Nanosilva inanyonya mwanga karibu na nanomita 400, himoglobini nayo inanyonya pale pale jirani. Chukua seramu ya mnyama mzima, weka silva kwa mkono, pima kabla na baada. Nusu saa tu.

Usumbufu wa maji ni ule ule lakini unaonekana tofauti. Nanosilva nzuri ya nanomita 20 ina rangi ya njano safi kama chai ya rangi iliyopunguzwa nguvu. Iweke kwenye maji yenye chumvi, au kwenye salaini bila kifuniko cha kutosha, inageuka, njano inafifia, inakuwa kijivu, chembe zimeshikana mabonge. Bado unaweza kumdunga mnyama bila kujua na yale mabonge yanaenda kukwama mapafuni na kwenye ini. Kila asubuhi kabla ya dozi inua chupa uangalie rangi, na kama una spektrofotomita pima mstari wote wa mwanga inaounyonya uuweke kwenye daftari.

Inamfaa mwenye swali la virusi hasa, mwenye msimamizi anayejua chembe, na uwezo wa kupima ukubwa. Gharama ni kubwa, sio ya silva, ni ya makundi ya kulinganishia.

Sasa wewe uko wapi

Kama ni digrii ya kwanza, miezi michache, chumba kimoja cha wanyama: achana na virusi. Chukua panya wazima, silva asiteti dozi mbili au tatu na kundi tupu, pima PCV, himoglobini, hesabu ya seli, soma slaidi zako mwenyewe kwa rangi ya Giemsa. Utatoka unajua damu, na kazi yako itakuwa ni lile kundi la pili ambalo wengine wanaliruka.

Kama ni masta na swali ni je silva inamsaidia mnyama mwenye mafua: nanosilva, na silva asiteti kama kundi la ioni, na kundi la kifuniko peke yake, na ambukiza kabla ya kutibu, na pima virusi mapafuni siku ile ile unayopima damu. Ukiona makundi yamekuwa mengi kuliko pesa, punguza dozi, usipunguze makundi. Mdogo wangu alipofika hapa alinyamaza muda, akafuta dozi mbili kwenye jedwali lake.

Kama swali lako ni dawa ya puani inayouzwa, silva ya protini, itoe puani kama inavyotumika na sio kwenye mshipa.

Kama mnyama wako ni kuku, na huku kanda ya kati wengi mnawaza mdondo, jua kwanza seli nyekundu za kuku zina kiini, chembe sahani zake pia, analaiza ya hospitali inazihesabu kama seli nyeupe na inakuletea namba za ajabu. Rudi kwenye chemba ya Neubauer (kioo cha kuhesabia seli) na maji ya Natt na Herrick (ya kupunguzia damu na kuitia rangi), damu ya mshipa wa bawa, hesabu kwa jicho. Nyutrofili kwake zinaitwa heterofili na uwiano wake na limfosaiti unapanda kwa joto na kwa kubebwa vibaya, kwahiyo wote wachukuliwe damu asubuhi, na mtu yule yule. Na kwa vile virusi vya mdondo vinagandisha seli nyekundu, na kipimo cha HI (cha kingamwili zinazozuia mgando huo) kinategemea hilo hilo, weka kisima (tundu la sahani ya kipimo) chenye seramu ya silva bila virusi uone kama silva yenyewe haiharibu seli zako. Virusi vikali vya mdondo usivishike bila kibali na maabara yenye ulinzi wake, vikitoka hapo vinamaliza kuku wa mtaa mzima.

Na kama wewe ni mfugaji umesikia kuna maji ya silva yanatibu mdondo na unataka kujua ununue ipi kati ya hizi tatu, kwako hakuna hata moja. Haya yote ni ya maabara, ni ya kuuliza maswali. Kwa binadamu pia, Marekani walishasema tangu 1999 kwamba dawa za silva koloidi zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinatibu, na silva ikijaa mwilini ngozi inageuka kijivu cha bluu na hairudi. Kuku wako wapeleke chanjo, ile ya I-2 inayovumilia joto, tone moja jichoni, rudia kila miezi mitatu hadi minne, na anza kabla upepo wa kiangazi haujaanza kuvuma.